Kasoro ya Nne Ubaoni

Mliniacha wiki jana nimesimama mbele ya ubao wa Darasa la Tano, chaki mkononi, mlango nimeufunga kwa ndani. Kuna msomaji kaleta ujumbe gazetini kuuliza: mzee, uliandika au hukuandika?

Niliandika. Ningekuwa mtu wa kurudisha chaki mahali pake, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia, na pengine leo ningekuwa na nyumba.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo, labda umefungiwa sabuni, nisikuache nyuma. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Nimekaa miji kumi na saba. Kumi na mitano nilifukuzwa, mmoja niliwahi kuondoka kabla hawajanifukuza, na huu wa sasa bado. Kusoma nimesoma vipande vipande: hesabu nilifundishwa na mpima pamba, kuandika nilifundishwa na mchora mabango ya maduka. Sasa ni mshika funguo wa shule ya msingi. Wananiita Mzee Funguo, na nalala katika chumba kilicho nyuma ya stoo ya madawati.

Mwalimu Mkuu wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Siku moja alituuliza, "Watoto wakienda nyumbani, majengo yote haya yanabaki yanamsubiri nani?" Basi akawafungulia majirani. Kuanzia saa kumi mpaka jua lizame, kwaya ukumbini, vijana wa mpira uwanjani, wenye vikao madarasani. Sharti moja tu: mahali uache kama ulivyopakuta.

Na katika Darasa la Saba, Mshonaji. Ana cherehani nane na wasichana kumi na mmoja anaowafundisha. Kwake nyumbani chumba ni kimoja na umeme hakuna. Shule isingemfungulia, cherehani zile zingelala chini ya kitanda na wasichana wangerudi kukaa barazani.

Kazi yangu ni kufungua na kufunga. Lakini kila jioni akikata kitambaa, mimi ndiye namshikia ncha ya pili. Tunaunganisha madawati manne, yeye huku, mimi kule. Miezi saba nimeshika ncha ya kitambaa bila kusema neno la maana. Hiyo ndiyo mali yangu yote katika dunia hii.

Sasa ukaja ukoo wa Bwana Mifugo.

Bwana Mifugo ni mstaafu, aliwatibu ng'ombe wa watu miaka thelathini, na mkewe amefariki miaka mitatu iliyopita. Dada yake, ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi hata sisi tunaomzidi umri, aliamua kaka yake aoe. Kikao wakaombea darasa.

"Nyumbani kuta zina masikio," Shangazi aliniambia. "Hapa shuleni ni siri."

Wakataka Darasa la Tano kwa kuwa liko mwisho kabisa. Wakapanga wanawake watatu ubaoni kama wanaajiri karani. Muuguzi, Mjane wa Kinyozi, na Mshonaji. Chini ya kila mmoja, SIFA upande huu, KASORO upande ule. Binti mmoja wa ukoo, mwenye mwandiko mzuri wa kulala, ndiye aliyeandika.

Jua likaanza kuzama hawajamaliza. Binti akaandika pembeni kwa herufi kubwa: USIFUTE. TUTAENDELEA KESHO SAA KUMI.

Aliyewahi kukaa shuleni anajua nguvu ya neno hilo. Mfagiaji akilikuta anapita kando. Hata Mwalimu Mkuu hupita kando.

Mimi nilipita karibu. Nikasoma.

Muuguzi, kasoro: anajua dawa nyingi mno. Mjane wa Kinyozi, kasoro: ana kaka watano, wote wanakula. Mshonaji alikuwa na sifa tisa. Tisa! Kasoro tatu tu: anacheka kwa sauti, haogopi wanaume, cherehani kwake ndiyo mtoto wa kwanza. Kwangu mimi hizo nazo zilikuwa sifa, zikawa kumi na mbili.

Mtu hahitaji hesabu ya mpima pamba kuona nani anaolewa kesho saa kumi.

Ndipo chaki ikaniingia mkononi. Chini ya kasoro zake tatu nikaongeza ya nne: Ana mume hai.

Nilijitahidi kuulaza mwandiko wangu ufanane na wa yule binti. Uliinama, ndiyo, lakini mwandiko wa mchora mabango una visigino miguuni mwa herufi, na visigino vilibaki vimesimama.

Nikafunga mlango, nikaenda kulala kama mtu aliyefanya kazi ya maana.

Nilisahau kitu kimoja kidogo. Kati ya saa kumi ya jana na saa kumi ya leo kuna shule.

Mwalimu wa Darasa la Tano si mtu mbaya, ni mtu wa kuchelewa. Amewazoesha wanafunzi wake hivi: mkikuta kazi ubaoni, nakilini, nikija nisahihishe. Asubuhi ile aliingia saa tatu kasoro. Darasa kimya, vichwa vimeinama, kalamu zinakimbia.

"Kazi hii kawapa nani?" akamuuliza kiranja.

"Tumeikuta, Mwalimu. Imeandikwa usifute."

"Mmefika wapi?"

"Tuko kwenye kasoro, Mwalimu."

"Vizuri. Malizeni."

Kumbe alidhani mwenzake wa Kiswahili amewaachia zoezi la insha. Nasema hivyo kwa kuwa baadaye aliapa hivyo ofisini, mkono kifuani. Akasahihisha madaftari arobaini na manne kwa wino mwekundu. Vizuri. Vizuri. Vizuri, kazana. Na kwa kuwa alitaka aonekane naye alikuwepo, akawapa kazi ya nyumbani.

"Ongezeni kasoro nyingine mbili kwa kila mmoja. Mkikwama, waulizeni wazazi."

Saa nane watoto wakatoka. Siri waliyoikimbiza nyumbani ikaingia nyumba arobaini na nne, na kila ilipoingia iliomba kuongezewa.

Muuguzi ndiye alikuwa wa kwanza getini, bado na sare ya kazini.

"Nasikia najua dawa nyingi! Nitajie moja, nami nitakutajia inavyopewa!"

Kisha wakaja kaka watano wa Mjane wa Kinyozi, wametanguliza matumbo, wanataka kujua nani aliwahesabia sahani. Wazazi nyuma yao, madaftari juu kama matangazo. Mama mmoja alikuwa analia kwa kucheka, mwenziwe analia kweli.

Ukoo wa Bwana Mifugo ukafika saa kumi kuendelea na kikao chao, ukakuta kikao kimeshaendelea bila wao.

"Nani kaitoa siri yetu?" Shangazi akauliza.

"Mliiandika ninyi, mama," Mwalimu Mkuu akamjibu, "mkaiwekea na ulinzi."

Shangazi akampita, akaenda kuukagua ubao. Akamwita binti wa mwandiko.

"Hii ya nne uliandika wewe?"

"Mimi niliishia tatu, Shangazi. Hii hata haifanani."

"Basi kuna mtu anamjua mwanamke huyu kuliko sisi."

"Au kuna mtu mwongo," akasema Bwana Mifugo. Hilo ndilo neno pekee alilosema siku ile. Nalo lilinichoma hadi kwenye mfupa, maana alikuwa amesimama karibu yangu.

"Lisemwalo lipo," Shangazi akamkata.

Mshonaji aliitwa kutoka Darasa la Saba. Akaja na tepu ya kupimia shingoni, akausoma ubao taratibu, juu mpaka chini. Alipofika ya nne akainama kidogo, kama anavyoangalia mshono wa mwanafunzi. Kisha akacheka. Kwa sauti.

"Tisa kwa nne," akasema. "Bado nawazidi wengine." Akarudi kazini kwake.

Wazazi hawakucheka. Wakambana Mwalimu Mkuu: shule irudi kuwa shule, majirani wabebe mambo yao. Mmoja alipaza sauti kwamba mwanawe sasa anauliza mume hai ni nini na mume mwingine yukoje.

Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Ubao huu usiguswe. Funikeni kwa shuka. Aliyeongeza ya nne aje kwangu kabla ya Ijumaa mchana. Asipokuja, nafunga. Kwaya, mpira, vikao, cherehani, vyote nje. Siwezi kuwaamini watu nisiowajua wanaoandika gizani."

Gizani! Jua lilikuwa bado lipo. Lakini sikuona kama ni wakati wa kumsahihisha.

Jumatano na Alhamisi, kutwa, Darasa la Tano walisomea koridoni, ubao wao umefunikwa shuka kama maiti. Mimi nilifungua milango na kufunga milango. Kila ufunguo niliozungusha ulinisemesha.

Ningekiri, chumba nyuma ya stoo hakipo, na mji wa kumi na nane unaniita. Hilo nimelizoea. Lakini ningekiri, na yeye angejua ni mimi niliyemchafua. Nisingekiri, cherehani nane ziko nje Ijumaa, na aliyezitoa ni mimi huyo huyo. Nimegeuza huku, nimegeuza kule, kila upande nikamkuta yeye ndiye anayeumia.

Alhamisi nilimshikia kitambaa kama kawaida.

"Vuta, Mzee Funguo. Mbona mikono inacheza?"

"Uzee, Fundi."

"Uzee ulikuwepo hata wiki iliyopita, mikono ilikuwa imetulia. Au na wewe umeongezewa kasoro?"

Wasichana wakaguna kicheko. Nikauliza, macho kwenye kitambaa, "Ukimjua aliyeandika, utamfanya nini?"

"Nitampima."

"Umpime tu?"

"Nimpime, nimkate, nimshone." Mkasi ukapita mpaka mwisho wa kitambaa, ukasimama karibu na kidole changu. "Halafu nitaona kama anavalika."

Sikulala vizuri. Ijumaa saa nne nikavaa shati langu lenye vifungo vyote, nikagonga ofisini.

Maneno niliyapanga: Mwalimu, ni mimi. Nilifanya kwa wivu, wala sijui kama ana mume au hana. Nifukuze mimi, mwache yeye. Mafupi, hata mtu wa vipande vipande anayaweza.

"Kaa, Mzee," akasema Mwalimu Mkuu. Alikuwa anatabasamu. Mwalimu Mkuu hatabasamu siku za Ijumaa. "Nilikuwa naagiza uitwe. Yale ya ubao yamekwisha."

"Yamekwishaje?"

"Mwenyewe kaja asubuhi, kakiri. Mshonaji. Aliandika mwenyewe kumkimbiza Bwana Mifugo. Na kusema kweli sikumlaumu."

Nikahisi kiti kinazama.

"Mwalimu, si yeye. Niliandika mimi."

Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Alinionya! Aliniambia: akija atasema ni yeye, mume wangu ana tabia ya kunikingia kifua."

"Mume wake nani?"

"Mzee Funguo, mambo ya kujificha yamekwisha. Nilimuuliza: kama ni kweli una mume hai, yuko wapi? Akaniambia yuko nyuma ya stoo ya madawati."

Nimefukuzwa kazi miji kumi na mitano. Nimewahi kuitwa mwizi wa kuku nisiyemjua hata rangi. Lakini hakuna aliyewahi kunishitaki kwamba nimeoa.

"Mwalimu, mwandiko ule ni wangu. Angalia visigino vya herufi!"

"Mke na mume hufanana mpaka mwandiko." Akafunga faili. "Mlivyokaa kila mtu kwake miezi yote hii kwa kuogopa nitakunyang'anya chumba, mmenionea. Sasa sikia. Mimi nimeridhika, Shangazi hajaridhika. Anasema kuambiwa si kuona, anataka kuwaona mume na mke mbele yake, saa kumi, darasa lile lile. Akiridhika, wazazi nao wametulia, geti linabaki wazi. Asiporidhika, nafunga leo hii. Usichelewe."

Nikavuka uwanja mbio, kwa kasi ambayo vijana wa mpira waliipigia makofi. Mshonaji alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani, jicho moja limefumba.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimevaa nilichoshonewa."

"Ulijua ni mimi?"

"Ulinichorea kibao cha mlangoni, Mzee. SHULE YA USHONAJI. Kila siku naingia chini ya mwandiko wako."

"Basi kwa nini hukunisema? Ungenisema, wangenifukuza mimi, wewe ungebaki."

"Wangekufukuza, na Bwana Mifugo angebaki. Sifa tisa zile zingeniua." Uzi ukapita, akafumbua jicho. "Wewe ulitaka niwe na mume, nami nimekuwa naye. Unalalamika nini?"

"Nalalamika kwamba ni uongo!"

"Aa. Leo ndiyo umeuona."

Akaninyoosha kola ya shati, haraka, kama anavyonyoosha shati la mteja anayekuja kulichukua.

"Mwaka tuliooana nimeshawaambia, miaka minne iliyopita, kabla hujaja hapa. Kwa nini hatukai pamoja, nimewaambia chumba chako hakitoshi kitanda cha watu wawili, na hilo ni kweli, nimekiona. Kimebaki kitu kimoja. Shangazi kauliza shahidi. Nikamwambia, huyo shahidi mume wangu ndiye atakayemtaja."

"Shahidi gani, Fundi? Mimi hapa namjua nani?"

"Fikiri njiani."

Njia kutoka Darasa la Saba hadi la Tano ni hatua sitini. Nilifikiri zote sitini. Kila mtu niliyewahi kumjua katika miji kumi na sita mingine alipita kichwani, na kila mmoja alikuwa ama amekufa, ama ananitafuta.

Darasa limejaa. Watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Wazazi, waimbaji wa kwaya wameacha kwaya, Muuguzi, kaka watano wametumia madawati matano. Wasichana kumi na mmoja wa ushonaji wamesimama dirishani kwa nje, wamekabana. Wao hawakuwa wanacheka.

Shangazi amekaa meza ya mwalimu. Bwana Mifugo nyuma kabisa, kofia magotini.

"Karibu, bwana harusi," Shangazi akaanza. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mke wako huyu?"

Nikamtazama Mshonaji. "Ndiye," nikasema. Lilitoka vizuri kupita nilivyotarajia.

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Anapenda nini?"

Hilo Fundi hakuniandalia. "Anapenda kitambaa kivutwe sawasawa ncha zote mbili. Ukilegeza, hasemi, anakungoja. Anapenda mtu anyamaze wakati anakata. Akimaliza kukata, anapenda mtu aseme chochote, hata kama ni upuuzi."

Mshonaji aliangalia sakafu. Shangazi akageuka kumtazama, akarudi kwangu, na nikaona amepunguza ukali kidogo. Kidogo tu.

"Hayo hata mwanafunzi wake anayajua. Shahidi wenu alikuwa nani?"

Nikakohoa. Nikatafuta jina. Niliwaza kumtaja mtu aliyekufa, kwa kuwa wafu hawaitwi kuhojiwa.

"Shahidi, mzee. Ndoa haina shahidi?"

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaacha kutabasamu. Nyuma yake, mkononi mwa mlinzi wa geti, niliona mnyororo na kufuli jipya.

"Shahidi wetu," nikaanza, "alikuwa..."

"Mimi."

Watu wote wakageuka. Aliyesimama alikuwa Bwana Mifugo.

"Wewe?" Shangazi akainuka. "Wewe tumekaa siku mbili tunakutafutia mke, yuko ubaoni, unamtazama, na ulisimamia ndoa yake?"

"Hamkuniuliza, dada. Tangu mwanzo wa kikao hakuna aliyeniuliza kitu." Akaweka kofia kichwani, taratibu. "Nilikuwepo. Nakumbuka vizuri sana."

Nikataka kumkimbilia nimshike mkono. Mwongo mwenzangu! Mtu ambaye sikuwahi hata kumsalimia vizuri!

Lakini hakuwa amemaliza.

"Nakumbuka mpaka maneno aliyomwambia mkewe siku ile, mbele yangu. Yalikuwa maneno mazito, sijasikia mengine mfano wake." Akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kumshika ng'ombe pembe bila ng'ombe kujua. "Ayarudie hapa, mbele ya watu wote hawa. Kama ni yale yale, nitasema ndiyo. Kama siyo, nitasema siyo."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiokoa au ananichinja.

Shangazi akakaa. "Haya, mzee. Mwambie mkeo."

Mlinzi akahamisha mnyororo kutoka mkono huu kwenda ule. Mshonaji akavua tepu shingoni, akaikunja mara mbili, mara tatu, akaishika kifuani. Akainua uso akanitazama, si kama anavyotazama kitambaa.

Nikafungua mdomo, sina neno hata moja lililoandikwa na mtu mwingine, na watu sabini wananingoja niseme kitu ambacho nikishakisema mbele yao hakitakuwa tena uongo.